Mawese Mdomoni mwa Mamba

Rajabu alifariki mwezi uliopita, tukamzika Ijumaa, na pale msibani nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu nikisonga ugali huku nikiwasikia wanaume barazani wakimsifu. Mpole. Mtu wa watu. Hajawahi kuinua mkono kwa mtu. "Yule hata kuku wa kuchinja alikuwa anampa jirani amchinjie," alisema mmoja, wenzake wakaitikia, naam, naam. Nikauacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka kwa mlango wa uani, maana ningebaki ningesema, na mimi kwa kusema wananijua. Watoto wangu wanasema mdomo wa mama hauna breki. Wajukuu ndio usiseme, wakitaka kumtisha mtoto wa jirani wanamwambia tutamwita bibi. Sawa, sikatai. Lakini iko asubuhi moja, mwaka ule wa wakimbizi, mdomo huu ulitakiwa kusema maneno manne tu: ni mawese, nimepaka mimi. Haukuyasema, na mwenzangu akaumia. Habari hii sijawahi kuisimulia yote. Naisimulia sasa, na wa kununa anune.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina banda la chakula Ujiji, juu kidogo ya ufukwe wanakoanika dagaa. Banda lenyewe nguzo sita na bati. Upande mmoja niliuziba kwa magunia, upande wa pili niliuacha wazi kwa sababu ulitazama bustani ya mji na upepo uliingia kutoka huko. Mafiga matatu, benchi nne, na meza moja ndefu yenye mguu mfupi niliouinua kwa jiwe. Asubuhi chai na maandazi kwa wavuvi waliorudi ziwani, mchana ugali wa muhogo, migebuka ya mchuzi na maharage. Mawese nilitia kwenye kila kitu isipokuwa chai. Moshi wa kuni ulinikaa machoni mpaka yakawa mekundu mwaka mzima. Mkono nao ulikuwa mwepesi. Mvuvi mmoja alinishika kiuno nikampiga na mwiko uliotoka kwenye mafuta, na alama ya mwiko ule anayo mpaka leo kama bado yu hai. Wateja walicheka wiki nzima. Kwa kifupi sikuwa mtu wa kuogopa, au ndivyo nilivyojiona.

Mwaka ule vita vya Burundi vilitumwagikia sisi. Mitumbwi iliingia imejaa watu waliokaa kimya, wenye magodoro na masufuria, wengine na majeraha ya panga yaliyofungwa kwa vitenge. Ziwa lilileta na wengine, wale ambao hawakushuka kwa miguu yao. Wanaume waliwavuta kwa kamba mpaka mchangani, wakawazika bila majina, kisha wakaja kwangu kunywa chai. Na mazungumzo pale mezani yakabadilika. "Wameuana kwao wamemaliza, sasa wamekuja kutumaliza sisi." "Mrundi ukimsalimia mchana, jioni funga mlango." Siku moja vijana walimkamata mkimbizi mmoja hana kibali, wakasema kaiba kuku, wakampiga pale barabarani mbele ya banda langu mpaka akaacha kiatu kimoja na meno. Kuku alipatikana saa moja baadaye yuko juu ya paa. Sisi tuliokuwa tunakula tuliendelea kula. Na mimi nilikuwa nawapakulia, sitajisafisha hapa.

Fundi Nestori aliletwa na bwana bustani, yule mtumishi wa mji aliyekuwa na kazi ya kusimamia maua. Bwana bustani alikwenda kambi ya wakimbizi kwa shughuli zake, akaona ng'ombe wa chuma mwenye pembe ndefu mbele ya hema la mtu, akasema huyu lazima atufanyie wanyama bustanini, miji mingine wanayo. Akamtafutia kibali cha kutoka kambini. Nestori alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, kichwa kimejaa mvi kuliko umri wake, na kibali chake alikiweka ndani ya mfuko wa nailoni shingoni. Walimpa kibanda cha majembe pale bustanini alale humo. Siku ya kwanza alikuja kwangu akasimama nje ya nguzo kama anayesubiri ruhusa. Nikamwita, "Karibu, Fundi, keti." Akaketi. Nikamwekea ugali na mgebuka mzima, mkubwa, kwa heshima ya mgeni. Akala ugali mtupu. Samaki akamsogeza pembeni kwa kidole kimoja, taratibu.

Weee! Nilimjia juu. "Unakataa samaki wangu? Kambini mnakula maharage yenye wadudu, hapa unachagua?" Wateja wakacheka. Yeye akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake kile cha ng'ambo, "Oya, hapana, mama. Samaki wako ni mzuri. Ni mimi. Tulivuka usiku, wakatupiga risasi toka milimani. Mke wanje akaangukamo majini. Samaki wa ziwa hili siwezi kumla mwaka huu." Hakuna aliyecheka tena. Nikamwondoa yule mgebuka, nikamletea maharage, nikamwagia mawese mengi juu yake maana sikujua nifanye nini kingine. Kuanzia siku hiyo sikumtilia samaki. Na nilianza kumwamkia. Shikamoo, Fundi. Marahaba, mwana wanje.

Alitengeneza wanyama wanne, na nataka mjue walivyokuwa, kwa sababu leo hakuna hata mmoja. Hawakuwa wanyama wa kawaida wa saruji unaowaona kwenye mahoteli, simba ana mashavu ya rangi ya chungwa. Hapana. Kiboko alimtengeneza kwa mapipa yaliyopasuliwa, na kati ya pipa na pipa aliacha nafasi, ukisimama upande huu unaona watu wanapita upande wa pili, ndani ya tumbo lake. Korongo alikuwa nondo tatu tu na kipande cha jembe, lakini ukimtazama unaona kabisa anataka kuruka. Sokwe alikuwa minyororo ya baiskeli mwili mzima, amekaa amejishika magoti. Watu walibishana sana. "Mnyama gani huyu hana ngozi?" aliuliza Rajabu, ambaye alikuwa anashona nyavu kila siku kwenye kivuli cha banda langu. Nestori akamjibu bila kuinua kichwa, "Ngozi mtie mwenyewe. Macho si unayo?" Mwajuma, mke wa Rajabu, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwajuma alikuwa binti wa kijiji cha Mwamgongo, ameletwa na boti kuolewa, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini alinifanya mimi dada yake. Alikuwa ananisaidia kumenya muhogo. Miaka kumi na tisa, kicheko chake unakisikia mpaka ufukweni. Ndiye mtu wa kwanza kuwapenda wale wanyama. Alimfunga sokwe kanga kiunoni, eti asione aibu, na Nestori akaiacha ile kanga pale siku tatu. Rajabu hakupenda. Alikuwa na wivu, na ule mwaka wivu na hofu vilikuwa vinakaa nyumba moja. Nilimsikia akimwambia mkewe nyuma ya magunia, "Unamchekea Mrundi? Unajua ametoka kufanya nini huko?" Mwajuma akamjibu, "Ametoka kufiwa." Kisha kikasikika kibao. Nikatoka na mwiko wangu, Rajabu akaondoka na nyavu zake, na baada ya siku mbili alirudi kula kama hakuna lililotokea. Nami nikampakulia.

Sasa suala la mawese. Bwana bustani aliahidi rangi ya kuwapaka wanyama wasile kutu, rangi haikuja. Upepo wa ziwa ukaanza kumla kiboko kabla hata hajamaliza mwezi. Nestori akaniuliza kama nina mafuta yaliyobaki ya kukaangia. Alisema kwao majembe huyapaka mafuta kabla ya kuyaweka, na mawese ya moto yakiingia kwenye chuma hayatoki upesi. Basi kila jioni nilimkusanyia mabaki kwenye kopo, na vitunguu vyake vilivyoungua na magamba ya dagaa yamo humo humo. Aliyapasha, akapaka kwa kitambaa. Wanyama wakang'aa wekundu, bustani ikanukia chakula, mbwa wakawa wanamlamba kiboko miguu. Tulicheka sana. Nawaambieni hivi ili mjue kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua wale wanyama wanapakwa mawese. Walijua wote.

Wa nne alikuwa mamba. Bwana bustani ndiye aliyemtaka, na Nestori alikaa siku nyingi bila kumgusa. Alipoanza, alifanya kazi kama mtu aliyekasirishwa. Mgongo ulikuwa springi za lori, mbavu nondo, na mdomo, mdomo ulikuwa wazi, mrefu kama mkono wangu mzima, meno yake vipande vya misumeno na panga zilizovunjika. Sikumpenda. Nilimwambia, "Fundi, huyu vipi tena, mbona unatuletea balaa?" Akasema, "Huyu namuona kila nikifumba macho. Bora akae hapo nimuone na macho wazi." Na mezani pangu wakaanza. Huku kwetu mnajua mamba wapo wa Mungu na wapo wa kutumwa. Wa Mungu anakamata yeyote aliyemkuta. Wa kutumwa ana jina la mtu, na yuko aliyemfuga. Niliwasikia wakisema mtu hawezi kumjua mamba kiasi kile, jino kwa jino, bila kuwa amekaa naye. Nikawaambia wafunge midomo yao wale. Lakini niliwaambia huku nacheka.

Alimaliza Alhamisi alasiri. Kiganja chake kilikuwa kimeungua kwa cheche, hakuweza kuingiza mkono kule ndani ya mdomo wa mamba kupaka mafuta bila kujikwaruza, basi nikamwambia toka, nipishe. Nikachukua kitambaa na kopo la mawese, nikaingiza mkono wangu mpaka bega, nikampaka koo, ulimi wa bati, meno yote. Nilipaka kwa fujo, mengi, yakajikusanya kwenye taya la chini. Mwajuma alisimama pembeni na ndoo kichwani. "Dada, atakung'ata huyo!" Nikajifanya nimeng'atwa, nikapiga ukelele, naye akacheka mpaka maji yakamwagikia usoni. Kisha akaenda zake nyumbani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka, na hivi ninavyosimulia namlilia, na sioni haya.

Asubuhi iliyofuata, jua halijatoka vizuri, Mwajuma alikwenda ziwani kufua. Wenzake watatu walikuwepo. Walisema maji yalifunguka tu. Alikamatwa na mamba pajani, akaita jina la mumewe mara mbili, akavutwa. Rajabu alikuwa karibu na mtumbwi, akajirusha, akapiga maji kwa kasia mpaka kasia likavunjika. Alitoka na kipande cha kanga. Niliposikia makelele nilikimbia mpaka mchangani, nikamkuta amepiga magoti, ananguruma, si kulia, ananguruma, na maji pale ufukweni yalikuwa na rangi ambayo sitaki kuitaja. Nilikaa chini nikajimwagia mchanga kichwani. Mwajuma wangu. Nakumbuka niliupiga mchanga kwa ngumi mpaka mama mmoja akanishika mikono.

Sijui nani alianza. Wanasema ni kijana mmoja aliyepita bustanini akaja anakimbia: yule mamba wa chuma mdomo umejaa damu. Ndivyo ilivyoonekana, siwezi kudanganya. Usiku kulikuwa na ubaridi, mawese yalikuwa yameganda kwenye taya, mekundu, mazito, mabonge mabonge, na vitunguu vyeusi katikati kama vipande vya nyama. Watu wakapanda kutoka ufukweni wote kwa pamoja. Waliokuja na makasia, waliokuja na panga za kukatia chikichi, wanawake wameshika mawe kwenye kanga. Nilikuwa nyuma yao. Jua likapanda juu ya mabati, likampiga mamba, na mbele ya macho ya watu wote yale mabonge yakaanza kuyeyuka na kudondoka. "Anatapika! Anatapika damu ya Mwajuma!" Mwanamke mmoja akaanguka akazirai. Wakavunja mlango wa kibanda cha majembe, wakamburuta Nestori nje wamemshika miguu, kichwa kinagonga mawe ya maua.

Rajabu akamwinua kwa ukosi. "Damu ya mke wangu imefikaje humu? Sema! Ulimtuma, sema!" Nestori alikuwa anatokwa damu puani, kile kibali cha nailoni kinaning'inia. Akasema, na alisema wazi, kila mtu alisikia, "Si damu. Ni mawese. Zuhura alipaka jana. Muulizeni Zuhura." Na umati ukanigeukia mimi. Sijui niwaelezeje ule mgeuko. Nyuso zote nilizokuwa nazipakulia chakula, zimegeuka. Bi Tausi, bibi jirani aliyenifundisha kukanda maandazi, akaniuliza polepole, "Zuhura, uliingiza mkono wako humo wewe?" Nyuma yake mtu akasema, "Aliyempaka mdomo ndiye aliyemlisha." Mwingine akasema, "Mtazameni macho yake." Miezi mitatu kabla ya hapo, mtaa wa pili, walimchoma bibi mmoja ndani ya nyumba yake kwa kosa la macho mekundu. Nilikwenda kuona. Nilimuona alivyolala mlangoni. Haya yote yalinipita kichwani kwa mara moja, na mdomo wangu huu, huu unaousikia, ukasema: "Mimi napika tu. Habari za vyuma vyake sizijui."

Nestori alinitazama. Hakukasirika, hata hakuonekana kushangaa. Alitikisa kichwa kidogo tu, kisha wakamrudia. Walimpiga kwa makasia mgongoni, nikasikia mbao inavyolia juu ya mfupa. Walimpiga mateke mbavuni, na wanawake wakarusha mawe yao, wengine wakamkosa wakawapata waume zao. Mtu akapiga kelele, mkono, mkono wake ndio uliotengeneza! Wakamburuta mpaka kwa mamba, wakamwingiza mkono wa kulia ndani ya ule mdomo, kwenye yale meno ya panga, na Rajabu akaokota nyundo ya Nestori mwenyewe chini ya benchi lake la kazi. Akapiga taya la juu. Alipiga mara nyingi. Nestori alipiga kelele mara ya kwanza na ya pili, baada ya hapo alikuwa analalama tu kwa lugha ya kwao, "Yaga we, yaga we," kwa sauti ndogo. Nami nilikuwa nimerudi nyuma mpaka bandani, nimesimama na mikono yangu imeshika nguzo. Bwana bustani nilimuona akiondoka kwa baiskeli, anakanyaga pedali amesimama.

Ikaletwa tairi. Mtu akatoka ufukweni na dumu la petroli ya injini ya boti, akaanza kulifungua, na harufu ikanifikia mpaka jikoni. Sijui kama ni harufu. Wengine wameniambia Mungu alinigusa. Mimi ninachojua ni kwamba sikujiamulia chochote. Nilichukua bonge la ugali wa jana kwenye sinia, baridi, gumu, nikaingia katikati ya watu nikiwasukuma kwa mabega na viwiko, nikamkanyaga mmoja, nikamng'ata mwingine mkono. Nikafika kwa mamba. Nikaingiza mkono pale pale mkono wa Nestori ulipokuwa, nikachovya ugali kwenye taya la chini, ukatoka mwekundu unachuruzika. Nikaula. Mbele yao wote. Nilitafuna kwa mdomo wazi ili waone. Watu walirudi nyuma wakipiga yowe, wengine wakafunika watoto wao macho. Mawese yalikuwepo, na damu pia ilikuwepo, damu ya Nestori, na niliimeza yote.

Nikamega kipande cha pili, nikachovya, nikamsogelea Rajabu. "Onja." Alikuwa bado ameshika nyundo. "Onja, shemeji! Umekula jikoni kwangu miaka mitatu. Onja uniambie hii ni damu ya Mwajuma au ni mafuta yangu ya dagaa!" Nilidhani atanipiga nayo ile nyundo, na wallahi ningesimama. Nilimsukumia ugali mdomoni kwa nguvu mpaka jino lake likanikwaruza kidole. Akatafuna. Niliona uso wake ulivyobadilika. Aliijua ile ladha, vitunguu vile vilivyoungua, alikuwa anavilalamikia kila siku. Nyundo ikamtoka mkononi. Akaketi chini pale pale kwenye majani, miguu ameinyoosha mbele, na sasa akalia. Mwenye dumu akalifunga. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kutazamana, wengine wanakumbuka eti wameacha dagaa juani.

Watu wa mtaa walinipenda baada ya siku ile, hilo ndilo linalonichosha. Zuhura jasiri, Zuhura aliyekula mdomoni mwa mamba. Mpaka msibani kwa Rajabu, msichana mmoja aliniomba nimsimulie. Hakuna anayekumbuka nilichosema kwanza, au wanakumbuka na wananihurumia. Lakini mimi nimepiga hesabu yangu. Kutoka "mimi napika tu" mpaka nilipochukua ule ugali, mtu angeweza kusonga sufuria kubwa ya ugali ukaiva. Mwanzo wa muda huo mkono wa Nestori ulikuwa mzima, kisha nusu, kisha haukuwa mkono tena. Kama ningesema mwanzoni pengine wangetuchoma sote wawili. Pengine Bi Tausi angenitetea. Sijui, na hakuna wa kunijibu.

Mwajuma aliletwa na ziwa baada ya siku mbili, tukazika sehemu ya mwili tuliyopewa. Vijana waliwakata wale wanyama wote wanne, hata korongo, wakawatupa majini. Nestori alikuwa hospitali. Walimkata mkono juu kidogo ya kifundo. Nilikwenda kila siku na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, nikamnywesha kwa kijiko, na hatukuzungumza habari yoyote ila uji. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na dirisha moja, inanuka dawa na mkojo, wagonjwa wengine wananyamaza ninapoingia. Siku ya nne nikamwambia, "Fundi, niliogopa." Akasema, "Ego." Yaani ndiyo, kwa lugha yao, basi, hilo tu. Akafungua mdomo nimpe kijiko kingine.

Siku ya tano nilimkuta askari ameketi kando ya kitanda na daftari kubwa mapajani. Alikuwa anatafuta shahidi. Umati wote ule, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo: huyu alikuwa shamba, yule alikuwa Kidahwe kwa mjomba wake, mwingine alikuwa na homa. Aliniambia anataka mtu mmoja tu wa kuandika nani alishika nyundo. "Wewe mama, banda lako linatazama pale. Ulikuwepo wakati wanamvunja mkono?" Rajabu alikuwa mlangoni mwa wodi. Sikujua ametufuata au amekuja kwa lake, alisimama tu, amevua kofia, amekonda kwa siku tano zile kama mtu wa miezi. Nilimtazama. Nilimuona mume wa Mwajuma. Niliwaona na wenzake, mtaa mzima, benchi zangu nne. Nikajikuta nasema, "Nilikuwa nimekwenda sokoni, afande. Nimerudi mwishoni."

Askari akamgeukia Nestori. "Ni kweli, mzee? Mama huyu hakuwepo?"

Nestori alikuwa amelala chali, ule mkono uliofungwa bendeji ameulaza kifuani. Hakumtazama askari. Alinitazama mimi, kwa yale macho yake yaliyochoka, na sikuona humo hasira wala msamaha, nimeyatafuta yote mawili miaka yote hii.

"Hakuwepo, afande," alisema. "Angekuwepo, angesema."

Askari akaandika.